Wizi wa kitaaluma huanza na insha ya kukariri

Makongamano ya kimataifa kuhusu uadilifu katika elimu yamekuwa mengi katika miaka hii, na mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Afrika kuwa mwenyeji. Kongamano la saba la dunia kuhusu uadilifu katika utafiti lilifanyika Cape Town, Afrika Kusini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kongamano hilo, lililoanzia Lisbon mwaka 2007, kukanyaga ardhi ya bara letu. Wajumbe walijadili namna ya kulinda ukweli wa utafiti katika dunia isiyo na usawa, na mwaka uliofuata yakachapishwa maazimio yanayojulikana kama Tamko la Cape Town. Tamko hilo linadai haki katika ushirikiano baina ya watafiti wa nchi tajiri na wenzao wa nchi maskini, na linataka maarifa ya wenyeji yaheshimiwe badala ya kuchotwa na kubebwa kimyakimya.

Maazimio hayo ni mema na sina ugomvi nayo. Swali ninalojiuliza ni hili: yatafikaje Kimulot?

Kimulot ni sehemu ya Konoin, katika Kaunti ya Bomet, karibu na msitu wa Mau. Ni nchi ya chai. Kwa upande mmoja yapo mashamba makubwa ya makampuni, na kwa upande mwingine yapo mashamba madogo ya wakulima wanaopeleka majani yao katika viwanda vilivyo chini ya shirika la KTDA. Huko, karo ya mtoto hutoka katika jani la chai. Mzazi huchuna kuanzia alfajiri, hubeba kikapu hadi kituo cha kununulia majani, hupimiwa kilo zake, kisha hungoja malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka. Bonasi ikiwa nono, madeni ya shule hulipwa. Ikiwa haba, mtoto hurudishwa nyumbani. Kwa mzazi wa namna hii cheti cha shule ni mavuno ya miaka kumi na miwili au zaidi ya mgongo wake. Anayekiharibia thamani cheti hicho humwibia mtu huyu hata kama hajawahi kuonana naye.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba uadilifu wa kitaaluma si jambo la maprofesa peke yao. Tumezoea kulizungumzia kana kwamba huanza siku mwanafunzi anapoingia chuo kikuu na kukabidhiwa kijitabu cha kanuni za tasnifu. La hasha. Mwanafunzi anayefika chuoni na kunakili kitabu kizima bila kumtaja mwenyewe hakuanzia hapo. Alifundishwa, na aliyemfundisha aghalabu ni mwalimu mwenye nia njema kabisa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi humkunja angali mbichi, lakini mara nyingi humkunjia upande usiofaa.

Mfano mzuri ni somo langu mwenyewe la Kiswahili. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni ya Insha. Mtahiniwa hutakiwa kuonyesha kwamba anaweza kuwaza na kuyapanga mawazo yake kwa lugha sanifu. Lakini ni nini hutokea madarasani? Miezi kadhaa kabla ya mtihani, wanafunzi hukaririshwa aya nzima za kuanzia na kumalizia. Hupewa orodha za tashbihi, methali na misemo, wakaambiwa wazipachike popote zitakapoingia. Matokeo yake yanajulikana na kila mtahini. Katika bunda moja la karatasi, watahiniwa thelathini huamka siku ileile, jua lilelile likiwachungulia dirishani kwa miale yake ya dhahabu, huku ndege walewale wakitumbuiza kwa nyimbo tamu. Mkasa ukitokea, wote thelathini hutetemeka kama unyasi nyikani, na wote hutimua mbio kama mshale.

Mtoto wa Kimulot ameiona asubuhi nyingine kabisa. Asubuhi ya kwao mara nyingi ni ya ukungu mzito uliolala juu ya chai, na baridi inayomlazimu mchunaji kujifunga gunia au plastiki kiunoni asiloe umande. Mtoto huyo anaijua mvua ya mawe, ambayo katika nyanda za Kericho na Bomet hunyesha mara nyingi kuliko karibu pahala pengine popote duniani, na anajua jinsi inavyoweza kuyachanachana majani kwa dakika chache hadi familia ikose cha kupeleka kituoni kwa wiki kadhaa. Anajua sauti ya lori la kiwanda linapochelewa usiku huku majani yakinyauka. Anajua siku ya bonasi na misukosuko yake katika ndoa za watu. Hayo yote ni mali yake, na hakuna mtahini aliyewahi kuchoka kusoma habari za namna hiyo. Lakini hayaandiki. Huandika juu ya mawimbi ya bahari asiyowahi kuyaona, kwa sababu kuna aliyemwambia kwamba maneno ya wengine ndiyo yanayoleta alama.

Walimu wenzangu wataniuliza: je, kukariri si njia ya kujifunza lugha? Bila shaka ni njia mojawapo. Hakuna ajifunzaye lugha bila kuiga. Mtoto huiga mamake, na mshairi mchanga huwaiga malenga waliomtangulia. Nami sipingi mwanafunzi ajue methali mia. Ninachopinga ni kumfundisha kwamba kuandika ni kutoa maneno ya mtu mwingine mfukoni na kuyakabidhi kama yako, na kwamba atakayefanya hivyo kwa ustadi atatuzwa. Anayekubali somo hilo katika kidato cha pili atashangaa sana mhadhiri akimwita mwizi katika mwaka wa nne wa chuo kikuu. Na ana haki ya kushangaa.

Jambo hili lina upande wa kiisimu ambao ni muhimu kwa walimu wa Kericho na Bomet hasa. Lugha za Kikalenjin, Kikipsigis ikiwamo, hazitofautishi maana kwa kupambanua sauti ghuna na sauti sighuna kama Kiswahili kifanyavyo. Kwa Mkipsigis, p na b, t na d, k na g ni sauti ambazo hubadilika kulingana na mahali zilipo katika neno, wala hazitenganishi neno moja na jingine. Kwa hiyo mtoto anayejifunza Kiswahili ataandika "pata" akikusudia bata, na "koma" akikusudia goma. Si ujinga. Ni mfumo kamili wa lugha moja unaokutana na mfumo kamili wa lugha nyingine. Mwalimu mwenye subira huliona kosa hilo kama dalili kwamba mtoto anaandika kwa akili yake mwenyewe. Mwalimu mwenye haraka humwaibisha mbele ya wenzake. Na mtoto aliyeaibishwa hutafuta maficho, na maficho yaliyo karibu zaidi ni aya ya kukariri, kwa kuwa humo hamna kosa hata moja. Katika shule zetu insha yenye makosa ya kweli huadhibiwa, na insha safi ya kuazima husomwa mbele ya darasa zima. Halafu twaenda makongamanoni kuuliza udanganyifu ulitoka wapi!

Kutoka kwenye aya ya kukariri hadi kwenye karatasi ya mtihani iliyoibwa si mwendo mrefu. Wakenya hawajasahau mwaka 2015. Mwaka huo mitihani ya kitaifa ilivuja kwa kiasi ambacho matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE yalifutwa. Mnamo Machi 2016, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na marehemu Profesa George Magoha akateuliwa kuwa mwenyekiti mpya. Karatasi za mtihani ziliwekwa katika makontena yenye ulinzi, walimu wakuu wakapewa jukumu la kuzichukua wao wenyewe kila asubuhi, na ziara na sherehe za muhula wa tatu zikapigwa marufuku. Matokeo ya 2016 yalipotangazwa, alama za A zilikuwa 141 katika nchi nzima. Mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya 2,600.

Wapo waliodai kwamba anguko hilo halikutokana na kukomeshwa kwa wizi peke yake, bali pia na mabadiliko katika namna ya kusawazisha alama. Mjadala huo ni halali. Lakini hata tukiukubali, hatuwezi kukwepa swali lililobaki. Kabla ya 2016, kila nafasi ya udaktari, uhandisi na sheria iliyochukuliwa kwa alama ya wizi ilikuwa nafasi ya mtu fulani. Yamkini mtu huyo alikuwa msichana wa shule ya kutwa huko Konoin, aliyepata C+ yake kwa taa ya sola na vitabu vya kuazima, akaambiwa na ukoo mzima kwamba hakujitahidi. Hakuna kongamano lililowahi kumwita msichana huyo jukwaani na kumwomba radhi. Huenda hata yeye mwenyewe hajui kwamba aliibiwa, naye hadi leo anaamini kwamba hana akili.

Kama mwanaisimu, ninavutiwa sana na majina tunayoupa uovu huu. Wanafunzi wa Kenya hukiita kikaratasi cha kuficha majibu "mwakenya". Vijana wengi wanaolitumia neno hilo hawajui lilikotoka. Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri la kisiasa katika miaka ya 1980. Vijikaratasi vyake vilipitishwa kwa siri mkono kwa mkono, na wahadhiri na wanafunzi kadhaa walifungwa gerezani kwa kushukiwa kuwa wafuasi wake. Jina la maandishi ambayo watu walitiwa kizuizini kwa ajili yake limeshuka hadi kuwa jina la kikaratasi kilichofichwa ndani ya soksi. Tazama jinsi neno lilivyobeba ushujaa wa wengine na kuuvika udanganyifu! Anayeingia na "mwakenya" hajioni mwizi. Hujiona mwanamapinduzi mdogo anayepambana na dola ya wasimamizi.

Vivyo hivyo, biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao huitwa "uandishi wa kitaaluma", au hata "kazi ya mtandaoni" tu. Hiyo ni tafsida, na kazi ya tafsida ni kuipaka asali shubiri. Ni jambo linalojulikana duniani kote sasa kwamba Kenya, na hasa Nairobi, ni kitovu kikuu cha biashara hii. Gazeti la New York Times liliandika juu yake mwaka 2019, na mwaka 2024 ilitolewa filamu iitwayo The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, anawafuata vijana wanaoandika insha na tasnifu za watu wasiowajua. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayoharamisha kuuza kazi hizo kwa wanafunzi wa vyuo nchini humo, na Australia ilikuwa imepitisha yake mwaka 2020. Sheria hizo ni za huko. Mwandishi aliye katika chumba cha kupanga Nairobi, au aliyerudi kijijini na kompyuta yake baada ya kukosa ajira, hazimfikii kwa urahisi.

Nimezungumza na vijana kadhaa wa namna hiyo, wengine wao wakiwa wenyeji wa nyanda hizi hizi za chai. Hoja yao ni nzito, na si haki kuipuuza. Husema: "Mwalimu, nina shahada ya kwanza ya daraja la juu. Nimeomba kazi miaka minne. Huyu wa ng'ambo ana pesa na hana wakati, mimi nina wakati na sina pesa. Nimemdhulumu nani?" Njaa haina adabu, wahenga walikwisha kunena. Tena huongeza jambo ambalo ni kweli: kwamba kazi zao hupata alama za juu katika vyuo mashuhuri ambavyo wao wenyewe wasingepewa hata viza ya kwenda kuvitembelea.

Ninawajibu kwa mfano wa kwetu. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza chai nyeusi nyingi zaidi duniani, lakini sehemu kubwa ya chai hiyo huondoka Mombasa kwa magunia, bila jina la mkulima wala la Kimulot. Huko iendako huchanganywa, hupakiwa katika vijisanduku vya kupendeza, ikapewa jina la mtu mwingine na bei ya mtu mwingine. Tumelalamika juu ya jambo hili tangu uhuru. Sasa tazameni: kijana msomi naye anaiuza akili yake kwa gunia. Mawazo yake hupakiwa chini ya jina la mwingine, mwingine akapewa shahada na kazi, yeye akabaki na malipo ya ukurasa. Tena mkulima wa chai ana nafuu, kwani jani lake halidanganyi mtu, nalo litanyweka kwa jina lolote. Insha iliyouzwa ni ushahidi wa uongo. Hutumiwa kumthibitisha mtu kuwa ni muuguzi au mhasibu ilhali sivyo. Mgonjwa atakayehudumiwa na muuguzi huyo ndiye aliyedhulumiwa, ingawa anaishi mbali na sura yake haionekani kwenye kioo cha kompyuta.

Hata hivyo, lawama haziwezi kumwangukia kijana peke yake. Taifa linalotoa maelfu ya mahafali kila mwaka na kuwaacha wakiuza akili zao gizani haliwezi kujifanya limeshtuka. Hapa ndipo Tamko la Cape Town lina maana kwetu. Ikiwa dunia inakiri kwamba vijana wa Kenya wana uwezo wa kuandika tasnifu za vyuo vikubwa, basi iwape nafasi ya kuandika kwa majina yao. Wawe watafiti wasaidizi wanaotajwa, wawe wahariri, wafasiri na waandishi wa vitabu vya shule. Haki haiwezi kuwa ya kumkataza maskini peke yake.

Nyumbani nako hali si njema. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, niliwahi kualikwa kuwa mtahini wa nje wa tasnifu ya uzamili. Sura ya kwanza na ya tano ziliandikwa na mtu mmoja. Sura ya pili na ya tatu ziliandikwa na mtu mwingine kabisa. Hilo halihitaji mashine kuligundua. Kila mwandishi ana alama zake: viunganishi anavyovipenda, urefu wa sentensi zake, namna anavyoanza aya, hata makosa anayoyarudia. Nilipomwomba mtahiniwa anieleze kwa maneno yake mwenyewe nadharia aliyodai kuitumia, alinyamaza. Nilipendekeza kazi irudishwe iandikwe upya. Miezi michache baadaye nikasikia kwamba amehitimu kwa marekebisho madogo, kwa kuwa idara ilihitaji idadi ya wahitimu itimie. Leo mtu huyo huenda anawasimamia wengine. Hivyo ndivyo kutu inavyoenea kutoka chuma kimoja hadi kingine.

Gharama ya kutu hii imekwisha kuhesabiwa katika nchi jirani na hata kwetu. Mnamo Aprili 2017 Rais John Magufuli wa Tanzania aliwafuta kazi watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti bandia. Hapa Kenya, ukaguzi uliotangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma mwaka 2024 ulifichua vyeti bandia zaidi ya 2,000 katika taasisi za serikali. Wapo waliodhani kwamba hayo ni makosa ya makaratasi tu. Lakini kila kimoja kati ya vyeti hivyo kilikalia kiti, na nyuma ya kiti hicho alisimama mlangoni mtu mwenye cheti halali akiambiwa kwamba hakuna nafasi.

Sasa umeongezeka mtihani mpya wa akili unde, ambao wengine huuita akili mnemba. Tangu mwishoni mwa 2022 mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuagiza insha na kuipata kabla maji ya chai hayajachemka. Wengi wameingiwa na hofu, na baadhi ya vyuo vimekimbilia kununua programu za kuwanasa wanafunzi. Nyanda za chai zina la kusema katika jambo hili, kwani zimeishi na mzozo wa mkono na mashine kabla ya vyuo. Mwaka 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuna chai huko Kericho, wakilalamika kwamba zimewanyang'anya riziki. Siungi mkono uchomaji wa mali. Lakini kila mchunaji hujua tofauti iliyopo: mkono uliofunzwa huchagua majani mawili na kichipukizi chake, na mashine hukata kila kilicho mbele yake, kichanga na kikuukuu. Ndivyo ilivyo akili unde isipokuwa na akili ya mtu juu yake. Hukusanya kila kilichowahi kuandikwa na kukirudisha kikiwa kimenyooshwa, pasipo kujua kipi ni kweli.

Na hapa msomaji aone jinsi mambo yanavyofungamana. Kama shuleni tulimfundisha mwanafunzi kwamba insha bora ni mkusanyiko wa maneno mazuri ya watu wengine, basi mashine imemshinda tayari, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake hasa. Jua la miale ya dhahabu inalijua kuliko mtoto yeyote. Isichokijua ni mvua ya mawe iliyonyesha Kimulot Jumanne iliyopita na maneno aliyoyasema nyanya alipoiona chai yake. Kinga ya pekee dhidi ya mashine ni mwanafunzi mwenye jambo lake la kusema.

Baadhi ya watu hudhani kwamba heshima kwa mwandishi ni dhana ngeni iliyoletwa na vyuo vya kizungu. Sivyo. Ni kweli kwamba neno la Kizungu linalotaja wizi wa maandishi limetokana na neno la Kilatini la mtu anayeteka watu nyara, ambalo mshairi wa Kirumi Martialis alimvika mtu aliyejitwalia mashairi yake. Lakini utamaduni wa Kiswahili una sheria yake. Washairi wengi wa kale walijitaja katika beti za mwisho za tungo zao, wakataja na tarehe. Mwana Kupona, alipomwachia bintiye utenzi wa wasia mwaka 1858, alijitambulisha ndani yake pamoja na mwaka wa kuutunga. Washairi wa magazeti yetu waliendeleza desturi hiyo kwa kutia jina na mji katika kaditama, na ole wake aliyethubutu kuchapisha ubeti wa mwenziwe! Angejibiwa kwa shairi hadi akome. Neno uadilifu lenyewe limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya haki na usawa, mizani inapokaa sawasawa. Na Mkipsigis anayetaka kusisitiza ukweli wa kauli yake husema "iman". Hakuna mtoto wa Kimulot anayehitaji kuletewa dhana ya ukweli kwa ndege.

Tufanyeje, basi? Kwanza, walimu wa lugha waache kutoa aya za kukariri. Watoe mada ambazo hazina jibu lililokwisha kuandikwa: namna ya kupunguza majani mabovu shambani, mgogoro wa bei katika kituo cha kununulia chai, hadithi ya jina la kijiji. Wasahihishe makosa ya tahajia bila kumdunisha mwandishi, na wamtuze aliyesema jambo jipya hata kama sentensi zake zimechechemea. KNEC nayo iwaelekeze watahini waziwazi kwamba mapambo ya kuazima hayana alama.

Pili, wazazi wakatae kutoa hata shilingi moja ya kile kinachoitwa kwa siri "pesa za mtihani". Mzazi aliyechuna chai mwaka mzima kisha akamnunulia mwanawe karatasi ya wizi amemwambia mtoto huyo kwamba kuchuna kwake kote kulikuwa ujinga. Isitoshe, karatasi nyingi zinazouzwa kwa simu ni za uongo, hivyo hata katika wizi wenyewe anaibiwa.

Tatu, vyuo vikuu viwasikilize wanafunzi wao. Tasnifu isomwe ikiwa changa, sura kwa sura, na mwanafunzi aitetee kwa mdomo mbele ya watu wanaojua maswali ya kuuliza. Jambo hilo linahitaji wahadhiri wa kutosha, na wahadhiri hawawezi kutosha iwapo mmoja anasimamia wanafunzi thelathini. Serikali isitudai uadilifu huku ikitunyima wakati wa kuusimamia. Na idara itakayompitisha mwizi ili kutimiza idadi iwajibishwe sawasawa na mwizi mwenyewe.

Nne, nanyi wanafunzi. Kituo cha kimataifa cha uadilifu wa kitaaluma, kilichoasisiwa Marekani mwaka 1992, kilitaja maadili matano ya msingi: ukweli, kuaminiana, haki, heshima na uwajibikaji. Baadaye kikaongeza la sita, ushujaa. Nadhani hilo la sita ndilo gumu zaidi, na ndilo mnalolihitaji. Unahitaji ushujaa kuketi katika chumba cha mtihani ukijua kwamba jirani yako ana majibu, na bado ukaandika unachokijua peke yake. Unahitaji ushujaa kuwasilisha insha yenye makosa yako mwenyewe. Msidanganywe kwamba asiyeiba ni mzembe. Alama ya C uliyoifanyia kazi itakusaidia siku utakapoulizwa swali bila karatasi mbele yako, na siku hiyo haikosi kufika.

Makongamano yaendelee, na matamko yazidi kuandikwa. Lakini asubuhi ya Jumatatu, mwalimu wa kidato cha pili atakaposimama mbele ya darasa na kutaja mada ya insha, asitoe aya ya kuanzia. Awaambie wanafunzi wachungulie nje ya dirisha na waandike wanachokiona.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu kimoja nchini.